Coaster ya kulala, Mbeya mpaka Arusha: wapi tutulie siku tatu upande wa Dodoma na Kondoa? Matembezi mepesi, nipo na mama

BintiUyole

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa Iringa mjini, leo siku ya tisa tupo barabarani. Tuna Coaster ya zamani tumeigeuza nyumba, viti karibu vyote tumetoa tumeweka vitanda vitatu, jiko la gesi la pleti mbili, tenki la maji lita 120, sola moja juu ya bodi na kafriji kadogo. Tupo sita, mimi na mume wangu, watoto watatu (mkubwa yupo darasa la sita, mdogo ana miaka minne) na mama yangu mzazi ana miaka 67. Shule zimefungwa mwezi huu wa sita ndo tukasema safari tuliyoiongelea miaka yote tuifanye sasa, Mbeya, Iringa, Dodoma, Arusha, Moshi, Tanga alafu turudi kwa Morogoro.

Sasa tatizo letu ni hili, tumekua tunahama kila siku. Tunaamka tunakunja magodoro, tunasafiri, tunatafuta pa kulala giza limeshaingia, tunakunjua magodoro. Mama miguu imeanza kuvimba kwa kukaa, watoto wanagombana kwa kitu kidogo kabisa, na mume wangu jana kaniambia macho yanamuuma kwa lami. Nimeona tusipotulia mahali safari itaisha kwa watu kununiana.

Natafuta sehemu moja kati ya hapa na Arusha tukae usiku tatu bila kuwasha injini. Nataka kivuli, usalama, na vijinjia vya kutembea nusu saa au saa moja hivi, watoto wakimbie na mama anyooshe miguu. Magoti yanamsumbua kwahiyo milima mikali hapana. Dodoma mjini sitaki kukaa, tutapita kununua mahitaji tu. Mlioishi huko au mliopita naombeni mnielekeze, na nisemeni ukweli kama gari kubwa inafika.

---

Mgogo_Halisi

Mbukwenyi dada, karibuni sana kwetu. Mi ningewashauri Hombolo, ni kama kilomita arobaini tu toka mjini, kuna bwawa kubwa lilijengwa enzi za mkoloni miaka ya 1950, pembeni kuna mashamba ya zabibu na ardhi ni tambarare kabisa, mama atatembea asubuhi mpaka achoke mwenyewe. Samaki wanapatikana kwa wavuvi palepale. Ila nikuambie na upande wa pili, mwezi wa sita upepo wa Dodoma unajulikana, pale uwanda upo wazi vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, na kivuli ni cha kutafuta. Kwa usiku mmoja pazuri. Kwa siku tatu na watoto sijui kama mtaenjoi.

Mkitoka Iringa mtapita Mtera, msikae, joto na mbu. Nunueni samaki msonge mbele.

---

Mwana_Kolo

Dada usiishie Dodoma, njoo Kolo. Nimezaliwa pale nimekulia pale kwahiyo nitaandika kirefu mnisamehe.

Kolo ipo kwenye barabara kuu hiihii ya kwenda Babati, ukitoka Dodoma ni kama kilomita 180, unapita Kondoa mjini unaendelea kilomita ishirini na kitu hivi. Lami mwanzo mwisho, zamani ile njia ilikua siku nzima na mvua ikinyesha mnalala njiani, toka lami ikamilike 2018 ni masaa matatu tu kwa mwendo wa Coaster. Hii ndio ile njia ya zamani ya toka Cape mpaka Cairo, wazee wetu waliwaona wazungu wakipita na malori yao kabla sisi hatujazaliwa.

Pale Kolo kuna michoro ya miambani, ile iliyoingizwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2006. Sio mwamba mmoja, ni zaidi ya miamba 150 imetawanyika kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336, vilima vyote vile unavyoviona kushoto na kulia. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikaa kwetu huko 1951 akinakili michoro kwa mkono, mwamba baada ya mwamba. Michoro mingi ni ya rangi nyekundu, watu warembamba warefu, twiga, pofu, tembo, na kuna mingine meupe ya baadae ambayo inasemekana ni ya wakulima waliokuja nyuma. Wengi wanaihusisha ile nyekundu na mababu wa watu kama Wasandawe, ndugu zetu wa upande wa Chemba kule, wale wenye lugha ya kugonga ulimi.

Sababu hasa ya kukuambia uje ni utulivu. Karibu na kijiji kuna sehemu ya kupiga kambi kando ya mto wa mchanga, miti mikubwa, kivuli toka saa nne mpaka jioni. Huduma ni za kawaida kabisa, usitegemee umeme wala maji ya bomba, lakini nyie mmekuja na nyumba yenu. Usiku unasikia bundi na mbwa wa kijijini kwa mbali basi. Matembezi ya chini yapo mengi, unafuata mto, unapita mashambani, unaenda kijijini kununua mayai unarudi.

Na ukitembea angalia ile ardhi. Ile nyekundu yenye makorongo marefu. Mi baba alikua ananionesha korongo moja anasema hapa palikua shamba la babu yako. Mmomonyoko ulikula Kondoa mpaka serikali ikaleta mradi wa HADO, yani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, vyote. Baba anasema walilia, maana Mrangi bila mfugo ni nini. Lakini miti unayoiona leo ndo ilirudi kipindi kile. Mimi kila nikirudi nyumbani natembea kwenye yale makorongo kwanza kabla sijaenda kumsalimia mtu, waoneshe watoto pia, ni darasa kubwa.

Ukifika simama kwanza ofisi ya michoro, ipo barabarani hapohapo Kolo. Hapo unalipa kiingilio na unapewa mwongozaji, bila huyo usiende mwambani. Sisi raia tunalipa kidogo, wala sio gharama ya kukuumiza, ila beba pesa taslimu.

---

Fundi_wa_Njia

Mwana_Kolo kasema kweli naongezea upande wa gari, maana nimepita hiyo njia na Hiace na lori pia.

Mkitoka Iringa mnashuka Nyang'oro kabla ya Mtera. Dada mwambie shemeji ashuke na giya, asikanyage breki mda wote, Coaster yenye vitanda na tenki na watu sita sio nyepesi, breki zikipata moto pale huna pa kukimbilia. Asubuhi ndo mda mzuri wa kushuka.

Mahitaji makubwa maliza Dodoma, gesi, mafuta, spea ya friji kama inasumbua, dawa za mama. Maji jazeni Kondoa mjini, kuna chemchemi pale inalisha mji, maji matamu.

Ila sikilizeni hapa. Hiyo Coaster HAIENDI mpaka kwenye michoro mikuu ya Kolo. Toka ofisini mpaka chini ya kile kilima ni kama kilomita tisa za njia ya vumbi na mawe, gari ya 4x4 tu, na mwisho wake mnapanda kwa miguu na panapanda kweli. Msidanganyane mkajaribu. Iacheni kambini mkodi gari pale au bodaboda.

La pili, ule mto ni wa mchanga na utawaona watu wanapita na pikipiki katikati mtasema na sisi tupite, tupaki pale pazuri pamenyooka. Hapana. Coaster inazama mchangani mpaka kwenye diff. Na hata msimu mwingine mkirudi wakati wa mvua, msipaki kabisa kwenye mkondo, mvua inaweza kunyesha milimani huko nyie mpo kwenye jua, maji yanakuja ghafla. Mwezi huu ni kiangazi mpo salama ila mazoea hayafai. Pakini juu kwenye udongo mgumu, weka jiwe nyuma ya tairi, kichwa cha gari kiangalie njia ya kutokea.

---

Kijana_wa_Katesh

Mbona hamsemi Hanang jamani?? Toka Babati mnakata kushoto, mlima mzuri wa nne kwa urefu Tanzania, zaidi ya mita 3,400

---

Fundi_wa_Njia

@Kijana_wa_Katesh mlima mzuri sana mdogo wangu lakini dada kasema mama ana magoti. Hanang unaanza usiku au alfajiri na unarudi jioni umechoka. Sio wa kupumzikia.

---

BintiUyole

Wakuu Mungu awabariki, nimesoma zote nimemsomea na mume wangu. Naona Kolo ndo penyewe. Swali langu ni hicho kilima sasa, Mwana_Kolo umesema matembezi mepesi alafu Fundi anasema panapanda kweli. Mama akisikia kuna michoro ya zamani hatakubali kubaki kwenye gari, namjua. Je hamna mwamba wa chini? Na mtoto wa miaka minne?

---

Mwalimu_Mstaafu_Kondoa

Mwanangu, marahaba, na mama yako mpe salamu zangu sisi ni umri mmoja. Nimefundisha Kondoa miaka mingi na nimepeleka wanafunzi kwenye hiyo miamba nisijue mara ngapi, na mwaka juzi nimeenda tena nikiwa na fimbo mkononi, kwahiyo nitakuambia kwa ajili ya mtu mwenye magoti.

Wote wawili wamesema kweli. Matembezi ya kambini na mtoni ni mepesi. Kilima cha michoro ni kikali lakini ni kifupi, sio mlima wa siku nzima. Kinachowashinda wazee ni jua na haraka. Vijana wanapanda kama wanakimbizwa, mzee anaona aibu kuomba kupumzika, anapanda kwa kujikaza, anarudi na goti limejaa. Nyie fanyeni hivi, siku ya kwanza msiende kabisa. Mama atembee tambarare tu asubuhi na jioni, uvimbe ushuke, alale. Siku ya pili mwambieni mwongozaji wazi kabisa ofisini, tuna mama mzee, tuchagulie mwamba wenye njia ya upole. Wao wanaijua miamba yote hiyo, na upande wa Pahi nako ipo, msing'ang'anie Kolo kwa sababu ndo inayotajwa sana. Mkishaona mama yupo vizuri ndo siku ya tatu muamue kuhusu kilima kikubwa. Muondoke saa moja asubuhi, kuna baridi bado, apande hatua ishirini asimame, apande ishirini asimame, na fimbo awe nayo, sana sana wakati wa kushuka maana kushuka ndo kunaua goti kuliko kupanda.

Mkifika mwambani msikimbilie kupiga picha. Kaeni chini kwanza. Mtu anatoka juani anaangalia ukuta anasema mbona sioni kitu, ni jiwe tu lina madoa mekundu. Subirini dakika tano macho yazoee kivuli. Kwanza utaona mstari mmoja, ni mguu. Alafu mguu wa pili. Alafu unashtuka kuna mtu mzima kasimama pale, mwembamba kama ufito, kichwa chake kimetuna, na nyuma yake shingo ya twiga. Wanafunzi wangu kila mwaka walikua wananyamaza ghafla hapo, bila mimi kuwaambia wanyamaze.

Na nakuomba sana mwanangu watoto wasiguse. Mafuta ya vidole yanaharibu. Na kuna tabia ilikuwepo ya kumwagia maji mwamba ili rangi ing'ae kwa picha, inauma kusema lakini nimeona kwa macho yangu mgeni kachukua chupa yake karusha. Maji yale yanaondoka na rangi iliyokaa hapo karne na karne. Mkiona mtu anafanya hivyo mkatazeni hata kama hamumjui.

Jingine ni heshima. Mongomi wa Kolo, yani ule mwamba mkuu wa michoro kilimani, ni sehemu ya matambiko mpaka leo, sio makumbusho tu. Mkikuta watu wana shughuli yao, mwongozaji atawaambia msubiri au mrudi kesho, mrudi bila kunung'unika. Kijijini mvae kwa staha, khanga ya ziada haizito. Na mkifika mpite kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji mjitambulishe kuwa mtalala pale siku tatu. Watu wakijua nyie ni nani hata usiku mtu akisikia kelele atakuja kuwaangalia.

Mtoto wa miaka minne abebwe mgongoni kwenye kupanda. Mkaze kwa khanga.

---

Mwana_Kolo

Mwalimu nimefurahi kukuona humu, mimi ni mmoja wa hao wanafunzi ulionyamazisha. Dada fuata kama alivyosema. Naongezea nyani, msiache chakula nje, na madirisha ya Coaster fungeni mkitoka. Na kwenye mapango kuna nyuki mara nyingine, msijipake manukato makali siku hiyo. Usiku wa mwezi wa sita kwetu ni baridi dada, wewe wa Mbeya utaona kawaida ila blanketi za watoto ziwe karibu.

---

BintiUyole

MREJESHO. Wakuu nimekaa kimya wiki nzima, tulikua Kolo na mtandao wa kushikashika. Tulipanga usiku tatu tumelala tano.

Nyang'oro tulishuka na giya asubuhi, Fundi ubarikiwe, tulikuta lori limesimama linatoa moshi matairi ya nyuma. Dodoma tulikaa masaa mawili. Maji tulijaza Kondoa. Kosa moja tulilifanya palepale kambini, mume wangu alirudi nyuma kidogo kutafuta kivuli kizuri zaidi tairi la nyuma likaingia ukingoni kwenye mchanga, likazama mpaka nusu. Vijana wanne wa kijijini walikuja na majembe na matawi wakachimba, saa moja na nusu tukatoka, hawakutaka hela tukapika wali tukala wote. Na kwa mwenyekiti tulikua tumeshapita, ndo yeye aliyewatuma.

Siku mbili za kwanza hatukufanya lolote. Naandika hivi kwa sababu mimi nilikua najisikia vibaya kukaa tu, nahisi napoteza siku. Asubuhi ya pili naamka namkuta mama yupo mtoni peke yake na fimbo yake, anaongea na mama mmoja wa pale aliyekua anachota maji. Amefukua kishimo mchangani kama beseni, maji yanajaa taratibu kwa chini, anachota kwa kata kidogokidogo anamimina kwenye ndoo mpaka ijae, anasubiri yatulie anachota tena. Watoto walikaa pale saa nzima wanaangalia maji yanavyopanda. Toka siku hiyo kila asubuhi ilikua wanafukua kishimo chao, na ugomvi wa kwenye gari sijausikia tena. Miguu ya mama ikashuka, akaanza kuvaa viatu vyake vya kufunga.

Siku ya tatu mwongozaji akatupeleka kwenye mwamba wa upole, tulikodi gari ya mtu pale. Siku ya nne mama akasema anataka kilima. Tulipanda kama Mwalimu alivyosema, ishirini tunasimama, ishirini tunasimama. Tulipishana na kundi la vijana wakatuuliza kama tunahitaji msaada mama akawajibu hapana tunapumzika tu. Mdogo alilala mgongoni kwa baba yake kabla hatujafika nusu.

Juu kule tulikaa chini tukasubiri macho. Mama ndo alikua wa kwanza kuona. Alinishika mkono akaninyooshea kwa kidevu, hakutaka hata kuinua kidole, akasema huyu hapa, na huyu mwenzake, wameshikana. Mwongozaji alikua anaonesha kwa kijiti akiwa mbali na ukuta, anasema wengine wanasema hivyo vichwa ni nywele, wengine wanasema ni vinyago vya ngoma. Mama akauliza walisimama juu ya nini mpaka wakafika pale juu kuchora, mwongozaji akasema swali hilo hajawahi kuulizwa na mtu. Mwanangu mkubwa akatoa daftari akachora twiga, amemkosea miguu lakini shingo kaipata kabisa. Tulikaa mpaka jua likaanza kuingia mwambani.

Kushuka kulichukua mda mrefu kuliko kupanda na goti halikujaa.

Kesho tunapanda Bereko kuelekea Babati. Naomba kujua tu, Ziwa Babati ni salama kulala karibu na maji?

---

Fundi_wa_Njia

Hapana dada, lile ziwa lina viboko na usiku wanatoka kula majani. Kaeni kwa walioweka uzio, mbali na ukingo, watoto wasishuke kwenye gari usiku hata kwa kujisaidia. Bereko kona nyingi, pandeni na giya ya pili msiharakishe, msitu ule ni mzuri mama ataufurahia.

---

Mwalimu_Mstaafu_Kondoa

Umenifurahisha sana mwanangu. Mwambie mama yako akipita tena Kondoa aulizie nyumba ya mwalimu karibu na chemchemi, chai ipo.